Watoto wa mjini ndo wanaokamatwa zaidi? Tuzisome hizi namba kabla hatujatukanana

Kila baada ya muda inazunguka klipu kwenye masimu yetu huku Zanzibar, vitoto vimekalishwa chini kituoni vimeinamisha vichwa, mbele yao mapanga mawili matatu na simu zimepangwa sakafuni, na chini yake mtu kaandika kwa uhakika kama vile ripoti kaiandika yeye: watoto wa mjini saivi wanakamatwa mara mbili ya nchi nzima. Mwengine anamjibu mbona polisi wanasema uhalifu umepungua. Wa tatu yuko Chake, anaingia na lake, kwetu Pemba hayo hayapo jamani, hayo ya huko huko Unguja mjini. Basi hapo watu wanarushiana maneno mpaka isha, na cha kuchekesha ni kuwa wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli, kila mmoja kashika kipande chake cha hesabu na hakuna alomuuliza mwenzake, wewe umegawa kwa idadi gani?

Nataka tulifungue hili fundo pole pole. Hesabu zake si ngumu, mtoto wa darasa la sita anaziweza, shida ni kuwa watu wanaruka hatua.

Kwanza tukubaliane mtoto ni nani. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, ile Namba 6 ya mwaka 2011, inasema mtoto ni yeyote ambae hajafika miaka 18. Bara wana yao ya 2009 na umri ni huo huo. Lakini mitaani, na hata kwenye taarifa za habari, husikii sana "mtoto", unasikia "kijana", na kijana kwenye sera za vijana za nchi hii ni wa miaka 15 mpaka 35. Kwa hio ukisoma "vijana 40 wakamatwa katika msako", humo ndani anaweza kuwemo baba mtu mwenye watoto wanne wanasoma skuli. Mtu akikuletea habari ya namna hio kuwa ushahidi kuwa watoto wameharibika, muulize tu walio chini ya 18 ni wangapi. Mara nyingi mjadala unakufa hapo hapo.

Kukamatwa nako tukuweke mahala pake. Kukamatwa ni polisi kukushika kwa kukushuku, basi, hakujasema kama umefanya. Kutoka hapo mpaka kutiwa hatiani kuna kituo, kuna ustawi wa jamii, kuna Mkurugenzi wa Mashtaka, kuna Mahakama ya Watoto, na kote huko kuna wanaotoka njiani. Alokamatwa na alopelekwa Chuo cha Mafunzo, yaani jela ya huku kwetu, ni watu wawili mbali mbali kabisa, lakini kwenye magrupu ya simu wote wanaitwa "wezi".

Halafu kuna idadi, kuna kiwango, kuna mwelekeo. Idadi ni wangapi. Kiwango ni wangapi katika kila elfu kumi au kila laki moja. Mwelekeo ni kile kiwango kinavokwenda mwaka hadi mwaka, kinapanda au kinashuka. Haya matatu hayafuatani lazima. Mji unaweza kuwa na kiwango kikubwa na kila mwaka kinashuka, na shamba kiwango kidogo lakini kinapanda mbio, na hapo anaesema "mjini kubaya" na anaesema "mjini kunatulia" wote wana haki yao.

Sasa tukiangalie kitu kimoja kwa karibu, mana hizi ripoti hazianguki kutoka mbinguni, zinaanzia kwenye daftari. Hiki ni kisa cha kubuni lakini cha kawaida sana. Saa 4 usiku, mtaa mmoja wa Ng'ambo, hapo hapo Unguja mjini, vijana watatu, wa miaka 13, 16 na 19, wanang'oa pampu ya maji nyuma ya nyumba ya mtu, wanaitia kwenye gunia, wanaifunga kwenye karia ya baiskeli. Asubuhi wanaipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, anaitundika kwenye mzani, anawapa hela ambayo haifiki hata robo ya bei ya pampu. Mwenye mali nae kishakwenda kufungua RB, yaani kuandikisha kesi yake kituoni, watu wameona baiskeli, adhuhuri wote watatu wameshikwa.

Tuhesabu. Tukio ni moja. Waliokamatwa watatu. Watoto kisheria ni wawili. Yule wa 13 mama yake anakuja kituoni analia, mjomba wake anajulikana mtaani, mtoto anapewa onyo na kurejeshwa nyumbani, na jina lake huenda limeandikwa na huenda halikuandikwa. Yule wa 16 mwili mkubwa, sharubu zimeanza, cheti cha kuzaliwa hakionekani, akiulizwa umri anababaika, anaandikwa 18. Hapo hapo kwenye makaratasi keshakuwa mtu mzima. Au sivyo, umri wake unaandikwa sawa sawa lakini miezi miwili baadae anashikwa tena kwa jambo jengine, mwisho wa mwaka ukamataji wake unahesabiwa mara mbili na kichwa ni kile kile kimoja. Kwa hio pampu moja ya maji inaweza kuingia kwenye takwimu kuwa watoto wawili, au mmoja, au hakuna kabisa.

Na hili la kwenda watatu watatu si la bahati. Watoto wakifanya makosa hufanya na wenzao, mtu mzima mara nyingi huenda peke yake. Ndo mana idadi ya watoto waliokamatwa huonekana kubwa ukilinganisha na matukio waliyoyafanya. Vichwa kumi vya watoto vinaweza kuwa matukio matatu, vichwa kumi vya watu wazima vikawa matukio tisa. Mtu akizichukua namba hizo akakwambia "watoto wanafanya nusu ya uhalifu wote", keshachanganya vichwa na matukio.

Samaki wa dikoni

Hapa ndo panapowapoteza wengi, hata wasomi. Namba ya waliokamatwa tunaisoma kama ndo namba ya uhalifu. Hebu fikiria diko la samaki, la Mkokotoni au popote pale. Asubuhi samaki wakishushwa wachache, hakuna mvuvi atakaekwambia bahari imekwisha samaki. Atakwambia upepo wa kusi umechachamaa, vyombo vimekaa juu, zimetoka ngalawa mbili tu. Na ikiwa vyombo arobaini vimetoka na nyavu za matundu madogo, diko litajaa mpaka vidagaa vya kutupa. Samaki wa dikoni wanakwambia mambo mawili kwa pamoja, yaliyomo baharini na juhudi ya waliotoka, na ukiwatazama samaki peke yao huwezi kuyatenganisha.

Ukamataji ni hivyo hivyo. Mjini kuna vituo vingi vya polisi, kuna doria, kuna kamera, kuna vikosi, kuna Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ambao nao wanakamata, kuna ulinzi shirikishi wa mitaa. Shamba mtu anaweza kukaa mwezi asione gari ya polisi. Mtoto wa mjini na mtoto wa shamba wakifanya kosa lile lile siku ile ile, uwezekano wa kushikwa hauko sawa. Kwa hio sehemu ya ile tofauti ya mjini na kwengine ni vyombo vilivyotoka tu.

Msako nao unafanya hivyo hivyo kwa miezi. Mwaka 2015 pale Dar es Salaam, Januari, watu walipata kiwewe kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiitwa Panya Road, baada ya hapo polisi wakafanya msako na vijana wengi wakashikwa. Mtu akichora grafu ya mwaka huo ataona mlima, na mlima ule una hofu ya watu ndani yake, una amri ya wakubwa ndani yake, una vijana waliokuwa wamekaa tu maskani wakasombwa na wenzao. Uhalifu nao umo, sikatai, lakini umechanganyika.

Umegawa kwa nani?

Twende kwenye kugawa sasa. Sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678. Sensa ya 2022 ikakuta 893,169. Hio ni ongezeko la nusu nzima ndani ya miaka kumi, mkoa mmoja tu. Tanzania nzima kwa muda huo huo ilitoka kama milioni 44.9 ikafika milioni 61.7, yaani asilimia 37 hivi. Sasa tuseme, kwa mfano tu, mjini mwaka 2012 walikamatwa watoto 100 na mwaka 2022 wakakamatwa 150. Mtu anapiga kelele, wameongezeka kwa nusu! Ndio, na watu nao wameongezeka kwa nusu, kwa hio kama watoto ni fungu lile lile la watu, uwezekano wa mtoto mmoja wa mjini kushikwa haukusogea hata kidogo. Watu wanaona idadi inapanda, wanaona nyumba mpya Fuoni na Kisauni na Fumba, lakini hayo mawili hawayaunganishi.

Kugawa kwenyewe inabidi kuwe kwa watoto, si kwa watu wote, na si kwa watoto wote wa kuanzia wachanga. Mtoto wa miaka miwili hakamatwi. Wenye kujua kazi hugawa kwa wale wa kuanzia miaka kumi mpaka 17 hivi. Sehemu yenye vichanga wengi ukiigawa kwa watoto wote kiwango chake kitaonekana kidogo, na hakuna kilichobadilika zaidi ya wewe kutia vichanga kwenye hesabu.

Halafu mjini wapi? Mkoa wa Mjini Magharibi una wilaya tatu, Mjini, Magharibi A na Magharibi B. Kuna mtu akisema "mjini" anakusudia Mji Mkongwe na Michenzani na kurudi, na kuna mtu anakusudia mpaka Dimani. Nishaona mtu anachukua waliokamatwa wa mkoa mzima anagawa kwa watu wa Wilaya ya Mjini peke yake, jawabu linatoka la kutisha, na watu wanalisambaza.

Na hata ukigawa vizuri kuna kijanja kimoja kimejificha ndani ya sensa. Sensa yetu inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, ile ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Lakini mtu hakamatwi alikolala, anakamatwa alipo. Nenda sokoni Darajani saa 5 asubuhi uangalie watu walioingia mjini, kutoka Mahonda, kutoka Makunduchi, kutoka Donge, kutoka Jambiani. Watoto nao wamo, wengine wanauza mifuko, wengine wamekimbia skuli, wengine wametumwa tu. Siku ya Idi ndo usiseme, Kariakoo yetu ya Unguja kwenye pembea pale na Forodhani huwezi kupitisha mguu. Mtoto wa Makunduchi akishikwa Darajani ameibia mtu simu, juu ya mstari, kwenye waliokamatwa, kaandikwa wa mjini, chini ya mstari, kwenye idadi ya watu ya kugawia, kahesabiwa Kusini Unguja. Mji unabeba makosa ya watoto ambao haukupewa kwenye kugawa. Na hili liko dunia nzima, mji wowote wenye soko kubwa na stendi na pwani ya kutembea watu utaonekana mbaya kuliko ulivo, na kijiji kinachopeleka watu huko kitaonekana kizuri kuliko kilivo.

Nchi nzima ipi?

Haya, tumefika kwenye lile neno lililoanzisha ugomvi, "nchi nzima". Mimi naona hapa ndo penye kosa kubwa kuliko yote na ndo pasipozungumzwa.

Ukisema nchi nzima ukakusudia Zanzibar, kumbuka sensa ya 2022 Zanzibar ina watu 1,889,773, na Mjini Magharibi peke yake ni hao 893,169. Asilimia 47! Karibu kila Mzanzibari wa pili analala mkoa ule. Kwa hio unapolinganisha mji na Zanzibar nzima, karibu nusu ya hio Zanzibar ni mji wenyewe, unaulinganisha na nafsi yake.

Tutie namba za mfano, ni za kutunga, za kufanyia hesabu tu. Tuseme mjini kuna watoto laki moja wa umri ule wa kukamatwa, na mikoa minne iliyobaki, Kaskazini na Kusini Unguja, Kaskazini na Kusini Pemba, kwa pamoja nao wana laki moja. Mjini wamekamatwa 200, kwengine kote 100. Kiwango cha mjini ni 200 kwa laki, cha kwengine ni 100 kwa laki. Cha Zanzibar nzima ni 300 kwa laki mbili, yaani 150 kwa laki. Mtu wa kwanza analinganisha mji na Zanzibar, 200 kwa 150, anasema mjini wamezidi kwa theluthi tu, si mbaya. Mtu wa pili analinganisha mji na mikoa mengine, 200 kwa 100, anasema mara mbili! Data ni zile zile, mwaka ule ule, na hakuna alosema uongo.

Sasa subiri mwaka unaofuata. Mjini unapigwa msako mkubwa, waliokamatwa wanafika 400. Kwengine kote wako pale pale 100. Zanzibar nzima sasa ni 500 kwa laki mbili, ni 250 kwa laki, kutoka 150. Gazeti linaandika watoto wanaokamatwa Zanzibar waongezeka kwa asilimia 67. Mzazi wa Micheweni, kule Pemba, anasoma anashika kichwa, anamfungia mwanawe ndani, na Micheweni hakukuongezeka hata mmoja. Mji umetikisika peke yake, na kwa vile ni nusu ya nchi umeitikisa na namba ya nchi. Na baya zaidi ni kuwa mtu akiziweka grafu mbili pamoja, ya mji na ya nchi, ataziona zinapanda pamoja zinashuka pamoja, atasema "tazama, ni tatizo la nchi nzima". Lazima zende pamoja, moja imo ndani ya mwenzake.

Kwa Zanzibar basi ulinganisho wenye maana ni mji na mikoa minne mengine, si mji na jumla. Ni kutoa tu, chukua jumla, toa mji, kinachobaki ndo mwenzake.

Ukikusudia Tanzania nzima unaingia kwenye shida ya upande wa pili. Watu 61,741,120, Zanzibar yote ni asilimia 3 hivi, Mjini Magharibi ni kama asilimia moja na nusu. Hapa mji wetu hata upande mara tatu namba ya taifa haitosikia kitu, kwa hio ile shida ya kujilinganisha na nafsi yako imeondoka. Lakini unalinganisha nyumba mbili zenye sheria mbali mbali. Polisi ni mmoja kweli, ni suala la Muungano, huku tuna Kamishna wa Polisi Zanzibar chini ya jeshi hilo hilo moja. Sheria ya Mtoto sasa, huku yetu, kule yao. Makosa ya jinai kule Kanuni ya Adhabu, huku Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018. Mkurugenzi wa Mashtaka huku wetu, Mahakama Kuu huku yetu. Kanuni ya Adhabu ya Bara inasema alie chini ya miaka 10 hana kosa la jinai, na chini ya 12 hana mpaka ithibitike alikuwa anajua anachokifanya. Huku umri umewekwa na sheria zetu wenyewe. Kwa hio hata ule umri wa chini, mtoto anaanza kuhesabika lini, haukuchorwa na mkono mmoja.

Umri huo ukiguswa kidogo tu namba zinaruka. Uskochi walikuwa wanaanzia miaka 8, mwisho wa 2021 sheria mpya ikapandisha mpaka 12. England jirani yao wamebaki 10. Mtoto wa miaka 11 alievunja kioo cha duka upande mmoja wa mpaka ni mkosaji, upande wa pili hayumo kwenye hesabu za jinai, na kioo kimevunjika kote kuwili.

Wamarekani wameshapita hapa

Wanaopenda kuleta mifano ya Marekani nao tuwape yao, mana wale wana takwimu za watoto kukamatwa za miaka mingi na makosa yote haya wameshayafanya. Katikati ya miaka ya 1990 walikuwa wanakamata walio chini ya 18 zaidi ya mara milioni 2.5 kwa mwaka. Mwaka 1995 profesa mmoja, John DiIulio, akatabiri kizazi cha watoto wakatili ambao hawajapata kuonekana, nchi ikaingia kiwewe, majimbo yakatunga sheria za kuwapeleka watoto kwenye mahakama za wakubwa. Kizazi kile hakikuja. Ukamataji ukaanza kushuka, na kwa jumla ukaendelea kushuka, mwaka 2019 ulikuwa chini ya laki 7, na 2020 ukawa kama laki 4 na ushee.

Sasa huo 2020 uangalie vizuri. Ni mwaka wa korona, skuli zimefungwa, maduka yamefungwa, polisi wenyewe wanaogopa kushika watu. Mtu akitaka kuonesha mji wake umeharibika anachukua 2020 kuwa mwaka wa kuanzia, na baada ya hapo kila kitu kinapanda, hata mji uliotulia utaonekana umepagawa. Ukianzia 2019 grafu ile ile inakuwa nyengine. Nikiona grafu ya ukamataji ya nchi yoyote inayoanzia 2020 huwa namtilia shaka alioichora, Mungu anisamehe.

Na mwaka uliofuata, 2021, FBI wakabadilisha mfumo wa kukusanya taarifa, wakalazimisha ule mpya, polisi wa New York na Los Angeles wote hawakupeleka namba zao mwaka ule. Fikiria unataka kulinganisha mji na taifa, na taifa lenyewe miji yake miwili mikubwa kabisa haimo.

Kuna na hili, Marekani miji mengine ina sheria ya kuwakataza watoto kutembea usiku na mengine haina. Mtoto akionekana nje saa zilizokatazwa anakamatwa, na anahesabiwa. Mji wenye sheria hio utaonekana na watoto wengi waliokamatwa kuliko mwenzake, na kosa la watoto hao ni kuwa nje tu. Kwa hio kabla ya kusema kiwango cha mji fulani kikubwa lazima ujue wamekamatwa kwa nini. Mia walokamatwa kwa kutembea usiku na mia walokamatwa kwa kukata watu mapanga ni mia ile ile kwenye grafu.

Mambo mawili yanayochanganywa sana huku kwetu

La kwanza linanikera kuliko yote. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali huwa inatoa takwimu za ukatili na udhalilishaji, mwezi hadi mwezi, na humo Mjini Magharibi mara nyingi ndo inaongoza, na wengi wanaotajwa ni watoto. Mtu anaona "watoto", anaona "matukio", anaona "Mjini Magharibi", anakimbilia kuandika watoto wa mjini wahalifu. Wale ni watoto walofanyiwa! Wamebakwa, wamelawitiwa, wamepigwa. Unamchukua alietendewa unamtia kwenye fungu la watendaji, kwa sababu hukusoma mstari wa pili wa ripoti.

La pili ni la yule wetu wa Chake, kwamba Pemba hayapo. Kuna mambo mawili humo. Moja ni uchache wa namba, na hilo halihusu Pemba tu. Kusini Unguja kwa mfano ina watu 195,873, watoto wa umri ule ni kidogo, wakikamatwa wanne mwaka huu na wanane mwakani umeshapata "ongezeko la asilimia 100", na kumbe ni nyumba mbili tatu zilizogombana na watoto wao wakashikwa siku moja. Namba ndogo zinaruka ruka, haifai kusoma mwelekeo kwa miaka miwili, bora ujumlishe miaka mitano ndo utizame.

Jengine ni muhali, ile haya ya kumshitaki mtu wako. Kijijini mtoto akishikwa na karafuu mbichi za mtu, au ameingia kuokota mpeta, karafuu zilizoanguka, chini ya mikarafuu isokuwa yao, mwenye shamba ni mume wa shangazi yake au alisoma chuo cha Kurani na baba yake. Polisi watafuatwa wa nini? Wanakaa kwa sheha, kiongozi wa serikali wa pale pale kijijini, au hata kwa sheha hawafiki, mzee mmoja anaitwa, mtoto anachapwa viboko viwili au baba anaambiwa alipe, yamekwisha na watu wanakwenda kusali pamoja. Kosa limetokea na daftari halikuandikwa. Mjini mwenye pampu na mwenye kuiba pampu hawajuani, hakuna shangazi wala chuo cha pamoja, simu ya kwanza ni ya polisi. Kwa hio pengo la mjini na Pemba kwenye karatasi lina uhalifu ndani yake na lina muhali ndani yake. Sisemi muhali wote mbaya, mtoto wa miaka 12 kutolala sero ni jambo la kheri, lakini muhali huo huo ndo unaofukia na kesi za udhalilishaji ambazo zilikuwa zifike mahakamani.

Na siku muhali ukipungua namba zitapanda. Vijana wa shamba wanaojua namba ya polisi, dawati la jinsia na watoto lililo karibu, sheha anaeandika badala ya kupatanisha tu, hayo yote yanaleta watu kwenye daftari ambao zamani hawakuwemo. Mwaka huo Pemba itaonekana imeharibika ghafla, na yule alokuwa akisema kwetu hayapo ndo atakuwa wa mwanzo kuandika kuwa watoto wa siku hizi hawana adabu.